Usiku saba seva ilisema, skripti yangu haikusikia

Juzi kijana mmoja wa Malindi aliniandikia: "Shikamoo dada. Skripti yangu huingia kwenye seva kila usiku na kujibiwa sawa, lakini nenosiri likikaribia kuisha haniambii mtu. Nimekosea wapi?" Nilikuwa kwenye boti ya kutoka Mokowe. Nilisoma ujumbe ule mara mbili na moyo ukanienda mbio, kwa sababu jambo hilo hilo lilinitoa machozi mwaka juzi.

Wakati ule nilikuwa natunza kompyuta za ofisi moja hapa Lamu, ambayo sitaitaja. Akaunti zote zilikuwa kwenye OpenLDAP, programu ya seva inayotunza majina na manenosiri ya watumiaji, na kila nenosiri lilipewa siku 90, pamoja na la akaunti ya bekapu. Skripti ya bekapu niliiandika mwenyewe na niliionea fahari. Saa nane za usiku ilikuwa ikithibitisha akaunti kwa `ldapwhoami`, amri inayojaribu kuingia kwenye seva, na ikipata jibu la sifuri, yaani imefaulu, inaanza kunakili mafaili.

Jumatatu moja mkuu wangu akataka faili la Ijumaa. Halikuwapo. La Jumamosi halikuwapo, wala la Jumapili. Akaniuliza mbele ya wote, mama wa chai amesimama mlangoni na birika mkononi: "Hivi wewe kazi yako hapa ni ipi?" Sikuwa na la kujibu. Nilitoka nikaenda kukaa Mkunguni, mbele ya Ngome, mpaka adhana ya adhuhuri. Swali lile bado linaniuma, maana kazi nilikuwa naifanya.

Jioni nilifungua akaunti ya majaribio, nikaiwekea sera ya muda mfupi, nikaendesha amri ile kwa mkono. Onyo likatokea kwenye skrini, limeandikwa wazi na idadi ya sekunde zilizobaki. Nikaendesha skripti, kimya. Nikapitia mstari kwa mstari mpaka nikaiona: `2>/dev/null`. Maandishi hayo hutupa kila ujumbe wa makosa usionekane. Niliyaweka mimi mwenyewe, kwa kuwa cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, ilikuwa ikinijazia barua pepe kila usiku nami nimechoka kuzifuta.

Hapo ndipo penye shida. Nenosiri linapokaribia kuisha, seva haikukatazi kuingia. Inakukubali, namba ya jibu ni sifuri, na onyo linakuja pembeni. `ldapwhoami` hulitoa onyo hilo kwenye njia ya makosa, ile namba 2, nami niliitupa yote. Sera yetu ilikuwa na `pwdExpireWarning`, muda wa kuonya kabla nenosiri halijaisha, ya sekunde 604800, yaani siku 7, na `pwdGraceAuthNLimit`, idadi ya kuingia kwa msamaha baada ya kuisha, ya 3. Kwa hiyo usiku saba nilionywa, mara tatu nikasamehewa nenosiri likiwa limeshaisha, kisha nikafungiwa mlango kwa hitilafu namba 49, ya jina au nenosiri kutokubaliwa, nayo ikaishia shimo lile lile.

Kwa hiyo mdogo wangu, kwanza omba onyo. Usipoliomba kwa `-e ppolicy`, yaani kuitaka seva ilete habari za sera ya nenosiri, seva haina sababu ya kukuletea. Pili, likamate:

`jibu=$(ldapwhoami -x -ZZ -D "$akaunti" -y "$faili" -e ppolicy 2>&1)`

Tafuta ndani ya `jibu` idadi ya sekunde, gawanya kwa 86400, ambazo ni sekunde za siku moja, upate siku. Faili la nenosiri liandike kwa `printf`, usitumie `echo`, kwa maana `-y` husoma kila kilichomo hata alama ya mstari mpya ambayo `echo` huiongeza mwishoni, ukakataliwa na huku nenosiri ni sahihi. Hilo peke yake lilinila Jumamosi nzima. Na kama sera yenu haina `pwdExpireWarning`, au imewekwa sifuri, usingoje onyo. Zungumza na mwenye seva.

Kwa watumiaji wengine, ambao nenosiri lao huna na hupaswi kuwa nalo, soma `pwdChangedTime`, wakati nenosiri lilipobadilishwa mara ya mwisho, ujumlishe na `pwdMaxAge`, umri wa nenosiri katika sera yao. Itaje `pwdChangedTime` kwa jina unapotafuta, kwa sababu ukiacha hivi hivi seva haiileti. Saa zake ni za UTC, saa ya kimataifa: saa 0600 ya seva ni saa tatu asubuhi kwetu. Mimi sasa huwaandikia wenzangu siku 14 kabla, kwa Kiswahili, na tangu nianze hakuna aliyefungiwa nje. Nalisema hili kwa kujivunia.

Ndugu zangu mnaotunza seva katika ofisi ndogo za pwani, mnafanya kazi ya watu watatu na hamna wa kuwashika mkono. Naujua uchovu unaomfanya mtu aandike `2>/dev/null`. Ifuteni leo. Barua pepe zikiwa nyingi, chujeni zisizo na maana, lakini msizibe njia ya makosa. Sifuri si ushahidi kwamba kila kitu ni salama, ni ushahidi kwamba umeingia usiku wa leo. Someni njia ya makosa. Narudia, isomeni.

Kijana wa Malindi aliibadilisha skripti yake jana usiku. Asubuhi ya leo, Alhamisi, amenitumia mstari wa kwanza alioukamata: sekunde 259200. Nimempigia simu papo hapo. Ni siku tatu, na Jumapili ofisini kwao hakuna mtu.