KOH ileile, mbona majibu mawili?

SWALI: Shikamoo ticha. Nipo form five PCB na kemia ya ogani inanitesa kweli. Kuna sehemu kwenye notsi C2H5Br (bromoethani) na KOH (potasiamu haidroksaidi) inatoa ethanoli, nikifungua mbele vitu vilevile vinatoa ethini (CH2=CH2), sasa nikariri ipi? Maana kichwani reaksheni zimeshaanza kugongana.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kukariri zote utachoka bure. Kabla hujaandika product jiulize elektroni zimejaa wapi na zimepungua wapi, hapo ndo ogani yote ilipo. Cheki hiyo C2H5Br, bromini inavutia elektroni za bondi upande wake, kwa hiyo kaboni iliyoshikana nayo inabaki na uchanya kidogo, halafu OH- ya kwenye KOH inakuja ina elektroni za kutoa, unadhani itaenda wapi? Inaivamia hiyohiyo kaboni, tena kwa nyuma, upande ulio kinyume na bromini, Br- inatoka, tayari ethanoli.

Sasa rudi kwenye notsi zako usome juu ya mshale, wengi hapo mnaparuka. Ya kwanza ni KOH ya kwenye maji, ya pili ni KOH ya kwenye alkoholi na imechemshwa. Kwenye maji OH- inazungukwa na molekuli za maji zinaipunguza ukali, ila kwenye alkoholi inakuwa besi kali zaidi, na sehemu yake inageuka C2H5O-, ukiweka na moto inanyofoa haidrojeni ya kaboni ya jirani, zile elektroni zilizobaki zinaingia katikati ya kaboni mbili zinakuwa bondi ya pili, Br- inaenda zake. Ethini hiyo.

Ila nikunong'oneze, maabara C2H5Br kwa njia hii inatoa ethini kidogo tu, kinachotoka zaidi ni etha, CH3CHBrCH3 (2-bromopropani) ndo inatoa alkini (jamii ya ethini, yenye C=C) vizuri. Kwenye mtihani wewe andika ethini, ndo wanayoitaka.

Halafu ukichora mekanizimu, yaani hatua za reaksheni, mshale unaanzia kwenye elektroni unaelekea zinakopungua. Nasahihisha madaftari kila siku nakuta mtu kaanzisha mshale kwenye H+, jamani, H+ ina elektroni gani ya kutoa? Chukua CH3CHBrCH3 uichoree njia zote mbili bila kuangalia notsi, moja ikupe propan-2-oli, nyingine propini (CH3CH=CH2). Ukikwama niandikie umekwamia mshale upi.