Bumu (hela ya mkopo ya kujikimu chuoni) limekata na mihadhara inanipita: nirudi nyumbani?

Pole sana mdogo wangu. Mwaka wa kwanza pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), hela imeisha mapema na Kiingereza cha mhadhiri kinakupita: usiache chuo kwa hilo.

Bumu lijalo likiingia, toa kwanza hela ya kula, igawe kwa wiki, na ya wiki zijazo mpe dada yako akutunzie. Simu mpya isubiri.

Darasani, tafuta diskasheni, yaani kikundi cha kujisomea, ya watu wanne watano wanaoelezana kwa Kiswahili, kisha mwandike majibu kwa Kiingereza. Fanya hivyo sasa, maana alama za kozi-weki (kazi na majaribio ya katikati ya muhula) zinaanza kuhesabiwa kabla ya mtihani wa mwisho.

Ila kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, nenda leo hii kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali ya chuo.