Nyota, radi na pazia machoni: majibu ya maswali yenu

Barua za mara hii zinazungumzia jambo moja kwa majina mengi: nyota, cheche, vimulimuli, maruweruwe. Kabla sijazijibu, kuna jambo ningependa kila msomaji alijaribu siku yatakapomtokea. Ziba jicho moja kwa kiganja, kisha liachie uzibe la pili. Kama mwanga uko kwenye jicho moja tu, mara nyingi tatizo limo ndani ya jicho hilo. Kama unauona kwa yote mawili, na hata ukiyafumba haukuachi, basi tuangalie ubongo, presha au damu. Halafu tazama saa. Sekunde, dakika na siku nzima ni habari tatu tofauti kabisa kwa daktari.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 29, niko Iringa. Nikisahihisha madaftari hutokea kidoa kinachometameta karibu na neno ninalolisoma. Kinapanuka taratibu, kinakuwa kama meno ya msumeno, na herufi za upande ule zinapotea. Baada ya nusu saa kinaisha, kichwa kinaanza kugonga upande mmoja. Jirani anasema nina jini. Je, nitapofuka?

Hapana dada, kwa hili hutapofuka, wala hakuna jini. Umeieleza vizuri sana dalili inayotangulia kipandauso. Macho yako ni mazima. Kinachotokea kipo kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka machoni.

Mwaka 1941 mtafiti Mmarekani, Karl Lashley, aliyekuwa akipatwa na hali hii, alichora alichokiona dakika baada ya dakika, akapiga hesabu kwamba kuna kitu kinatambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa kama milimita 3 kwa dakika. Miaka 3 baadaye Mbrazili Aristides Leão alieleza wimbi kama hilo alilolipima kwenye ubongo wa sungura: seli zinachachamaa kidogo, kisha zinanyamaza kwa muda. Ndiyo maana wewe unaona kwanza mmeto, halafu nyuma yake pengo lisilo na herufi. Wimbi likishapita, herufi hurudi. Kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 60, na wapo wanaoona mwanga tu bila kichwa kuuma.

Andika kwenye daftari siku zinapotokea na kilichotangulia: usingizi mchache, kuruka mlo, harufu kali, siku za hedhi. Dawa ya maumivu inywe mapema, kichwa kinapoanza tu. Lakini ukijikuta unameza panadol au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa hizo zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Kuna jambo hujauliza, na kwangu ni zito kuliko yote. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini, mweleze mtoa huduma wako kuhusu mimeto hii wiki hii hii. Kipandauso cha namna yako pamoja na estrojeni huongeza hatari ya kiharusi, na ukivuta sigara inazidi. Njia nyingine salama kwako zipo: kitanzi, kipandikizi, vidonge vya homoni moja. Wanawake wengi hupewa vidonge bila kuulizwa swali hili, nami naumia kila nikisikia hivyo.

Siku mmeto ukija pamoja na mkono kulegea au mdomo kwenda upande, usisubiri uishe. Nenda hospitali. Na mtu aliyevuka miaka 50 akiona mambo haya kwa mara ya kwanza maishani, naye achunguzwe kwanza.

Nina miaka 61, ni mshonaji, Tanga. Tangu juzi nikigeuza jicho gizani naona kama radi pembeni mwa jicho la kulia. Vidoa vyeusi kama masizi vinaelea. Hakuna maumivu. Mke wangu amenunua dawa ya matone dukani.

Shikamoo mzee wangu. Nakuomba ukimaliza kusoma mstari huu upange safari ya kliniki ya macho, leo, na ikishindikana kabisa, kesho asubuhi.

Ndani ya jicho mna ute mzito unaolijaza. Miaka inavyokwenda ute huo husinyaa na kubanduka kutoka kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Retina haijui kuuma. Ikivutwa, lugha yake ni moja tu: mwanga. Ndiyo radi unayoiona. Masizi ni vipande vya ute vinavyotupa kivuli, au wakati mwingine ni damu.

Wengi wenye dalili hizi ute wao hubanduka salama. Wachache, retina huchanika. Wewe huwezi kujua uko kundi lipi, wala mimi siwezi kujua kwa barua. Lazima daktari akutilie dawa ya kutanua mboni achungulie hadi pembeni. Nenda na mtu, maana utaona ukungu kwa saa kadhaa. Ukikutwa na mchaniko, huzibwa kwa miale ya leza, na kwa kawaida mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukiachwa, maji hupenya nyuma ya retina na kuibandua. Hapo utaona kivuli kama pazia linashuka au kupanda, na itahitajika operesheni, ambayo hufanikiwa zaidi ikifanywa kabla pazia halijafika katikati. Kama uliwahi kutolewa mtoto wa jicho, kupigwa jichoni, au unavaa miwani mikali ya kuonea mbali, mwambie daktari.

Matone yale hayafiki huko nyuma. Mengine yana steroidi ambayo huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya. Mshukuru mama kwa moyo wake, lakini yaacheni. Kwa hospitali zenye idara kubwa za macho, KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam zinafahamika.

Mkamwana wangu ana mimba ya miezi 8. Analalamika nyota machoni na kichwa kikali, uso umevimba. Mawifi zake wanasema damu imepungua, anywe rozela. Tuko Lindi.

Mama, mpelekeni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Nyota machoni na kichwa kikali baada ya wiki ya 20 ya ujauzito huweza kuwa presha ya mimba inayoelekea kifafa cha mimba. Presha ikifika 140/90 tayari ni tatizo. 160/110 ni dharura. Watampima presha na protini kwenye mkojo, na ikibidi watamchoma magnesi salfeti ili asidegedege, kisha waamue kuhusu kumzalisha. Akisema pia anaumwa chini ya mbavu za kulia, wambieni. Na akishajifungua msilegeze macho, kwa sababu hali hii huweza kumpata hata wiki kadhaa baadaye. Rozela ataikuta akirudi.

Nikisimama ghafla naona giza lenye nyota, linaisha baada ya sekunde chache. Nina miaka 19.

Damu imechelewa kidogo kufika kichwani. Kunywa maji ya kutosha, kaa kitandani kidogo kabla ya kusimama. Ikiwa ni kila siku, au hedhi yako ni nzito, au umeanguka, kapime damu.

Nina kisukari mwaka wa 12. Jana moshi mweusi kama utando wa buibui umetanda jicho moja.

Huenda mshipa mdogo umevuja damu ndani ya jicho. Kliniki ya macho leo, pamoja na kadi yako ya kisukari. Jicho la pili nalo likaguliwe hata kama linaona vizuri.

Namaliza mwezi wa pili wa dawa za TB. Rangi nyekundu naiona imefifia, na maandishi yana ukungu kwa macho yote.

Ndugu yangu, kati ya dawa unazomeza mna ethambuto, na hiyo kwa watu wachache hudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Kufifia kwa nyekundu ni dalili inayojulikana. Usiziache dawa zote kwa uamuzi wako, maana TB itakurudia ikiwa sugu. Rudi kliniki ya TB leo na kadi yako, waeleze kama ulivyonieleza, nao wataamua kuhusu ethambuto. Ikisimamishwa mapema, wengi hurudiwa na uoni wao taratibu, kwa wiki au miezi, ingawa si wote. Wakikwambia usubiri hadi tarehe ya kadi, waombe wakupime kusoma na rangi hapo hapo, jicho moja moja, na matokeo yaandikwe.