Maji Hayakanyagwi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni maji gani uliyaingia mara moja tu na mpaka leo hujayasahau? Yangu ni ya pangoni, kule Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, na nusura nisiyaingie.

Mimi ni mtu wa Dodoma, tena wa Mvumi. Wazee husimulia kwamba jina la mji wetu limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani amedidimia: tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope. Kwa hiyo habari za kuzama tunazo, za kuogelea ndiyo hatuna. Bwawa la Hombolo tulitishiwa kichocho, la Mtera viboko na mamba. Maji niliyokua nayo mimi ni ya korongoni. Kiangazi mto ukikauka, bibi anachimba mchanga mpaka shimo linamfika kiunoni, anakaa pembeni akisubiri yajikusanye, kisha anachota kwa kata ya kibuyu, polepole, asiyatibue. Shimo linazungushiwa miiba ili mbuzi wasifike. Ndala unaziacha mbali. Ukitumbukiza mguu mle, hata kwa kuteleza, unachapwa kwanza ndipo unaulizwa.

Sasa, tulipovunja kikoba mwaka juzi, wanawake kumi na mmoja tulikubaliana kila mtu atoe kidogo kwenye gawio lake twende Zanzibar. Treni ya SGR mpaka Dar, boti mpaka Unguja, na kesho yake kijana mmoja anayetembeza wageni akatubeba kwa Coaster kwenda Jambiani.

Kabla hatujashuka pangoni kijana akatusimamisha. "Samahanini mama zangu, mafuta yote yaoshwe kwanza." Jamani! Mtu wa Dodoma na mafuta ya mgando hawatenganishwi. Upepo wetu wa Julai unapasua midomo na visigino, na siku hiyo tulikuwa tumejipaka kama chapati. Tukapanga foleni kwenye bomba la nje, huyu anamsugua yule mgongo, mweka hazina wetu analalamika kwamba atapauka mbele ya watu na picha ndiyo kwanza zinaanza. Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Nilijua nimefika mahali ambapo maji yana heshima yake.

Ndani kuna ngazi zinazoteleza, mizizi ya miti inaning'inia kutoka juu penye mwanga, na chini maji ya rangi ya samawati. Niliona jiwe moja jeupe humo nikasema hapa ni magotini tu. Kijana akarukia palepale nilipoonyesha, akapotea mzima mzima, akaibuka anacheka.

Akatueleza pango lilivyotokea. Ardhi ya pale ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni, inakuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo hula jiwe taratibu kwa maelfu ya miaka mpaka chini panabaki uwazi. Paa likichoka linaporomoka, na hapo ndipo mwanga unapoingia. Nikakumbuka mawe yetu ya granaiti yaliyobebana milimani. Yale hupasuka na kumeng'enyeka, lakini hayayeyuki namna hii. Ndiyo maana hata maji ya visima vya Mzakwe yanayonywesha mji wetu hukaa kwenye nyufa za miamba huko chini, hayakai kwenye bwawa la kuogelea.

Halafu akaongeza, bila kujua ananiharibia siku, kwamba zamani kabla ya mabomba wenyeji walikuwa wakiteka maji ya kunywa kwenye mapango kama haya.

Kumbe ni kisima! Miguu ikagoma. Wenzangu kumi wakavaa majaketi okozi wakaingia, mmoja akapaza sauti "Mbukwenyi!", salamu yetu ya Kigogo, na pango likamwitikia mara tatu. Mimi nilikaa kwenye ngazi, dera nimelikunja magotini, kama mtoto aliyekatazwa. Kijana akaja. "Hamna neno mama, siku hizi watu wanatumia ya bomba." Nikachuchumaa, nikateka kiganja kimoja, nikanawa uso, nikamwambia bibi neno moja la Kigogo ambalo silichapishi hapa. Ndipo nikajiachia. Jaketi likanipanda hadi masikioni, na miguu ikatafuta chini isipaone. Baridi yake bado ninayo.

Si mbali na hapo, hukohuko Jambiani, kuna pango la Kuumbi, ambako wanaakiolojia walikuta dalili za watu wa miaka kama 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya punda milia. Wakati huo bahari ilikuwa chini na Unguja ilikuwa bara tu. Hatukupata muda wa kufika, kwa sababu kupaka mafuta upya kulichukua saa nzima.

Nyumbani nilipomsimulia mwanangu wa kidato cha nne, akaniambia Mexico, kwenye rasi ya Yucatán, mashimo kama hayo ni maelfu, huitwa cenote, na Wamaya wa Chichén Itzá walikuwa wakitupa sadaka katika mojawapo ili wapate mvua. Hilo ndilo limenikaa kichwani kuliko kuogelea kwenyewe. Maana sisi nasi tuna mapango yetu Kolo, Kondoa, yenye michoro iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hayana hata tone, lakini pale Mungomi wa Kolo wapo wanaoendelea kwenda kufanya matambiko ya kuomba mvua.

Kikoba kimeshapiga kura ya safari ijayo: Kolo, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mweka hazina aliuliza swali moja tu, na nimemjibu: mafuta ruksa.