Mtoto wa Paka Asiyekua: Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

SWALI: Shikamoo Daktari. Paka wetu amezaa stoo, watoto wanne, leo siku ya tano. Watatu wananenepa. Wa nne, wa rangi ya chungwa, ni kama nusu ya wenzake, analia kwa sauti nyembamba usiku kucha na mama yake anamsukuma kando. Jana nilimlaza chali nikamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, mengine yakamtoka puani. Jirani anasema nimwache tu, mama yake ameshajua haponi. Nifanyeje?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hujasoma zaidi, nawa mikono, nenda stoo, umtie huyo wa chungwa ncha ya kidole kidogo mdomoni. Ukihisi ubaridi humo ndani, usimpe hata tone la maziwa mpaka apate joto.

Paka wa wiki ya kwanza hana uwezo wa kujipasha joto. Hata kutetemeka hawezi. Joto lake ni la mama na ndugu zake. Na baridi ya Lushoto mwezi huu wa Julai unaijua, tena kwenye sakafu ya saruji. Mwili ukipoa, tumbo huacha kusaga chakula, maziwa hukaa humo yakichacha, na nguvu ya kunyonya huisha. Mara nyingi mama humsukuma mtoto aliyepoa hivyo. Ndiyo maana sikubaliani na jirani yako. Nimeona watoto waliosukumwa asubuhi wakapokelewa jioni, baada tu ya kupashwa joto.

Jaza chupa maji ya moto, izungushie kanga mara kadhaa, uiweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kutambaa kando. Mpashe taratibu, saa moja hadi mbili. Usimweke karibu na jiko la mkaa. Wakati huo yeyusha sukari kidogo kwenye maji ya vuguvugu, umpake tone moja kwenye ufizi, kwani watoto hawa huishiwa sukari mwilini upesi sana.

Mdomo ukishapata joto, mrudishe kwa mama. Watoe wale watatu wanono kwa robo saa, umweke kwenye chuchu yenye maziwa. Zikague chuchu zenyewe pia: ikiwa mojawapo ni ngumu, ya moto na inamuuma, mama naye anahitaji dawa.

Akishindwa kunyonya, tafuta kwenye duka la dawa za mifugo maziwa ya unga ya watoto wa paka. Ya ng'ombe yaache. Protini na mafuta yake hayamtoshi paka, na humharisha. Mlaze kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Usimlaze chali tena. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Wa gramu 100 tumbo lake hubeba kama mililita 4 tu kwa mlo mmoja. Kisha msugue chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe, maana bado hawezi peke yake.

Hayo maziwa ya puani yamenitia wasiwasi. Mmulike kwa tochi kaakaani. Ukiona ufa, ndiyo sababu hawezi kunyonya, na hapo ni mganga wa mifugo tu. Ufa usipokuwepo, sikiliza pumzi: zikikoroma, maziwa yamefika mapafuni, mpeleke leo hii.

Mtazame na ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, chambua manyoya utafute viroboto, maana kwa mwili mdogo hivyo wanaweza kumnyonya damu hadi kufa. Watoe kwa kichana chembamba. Dawa ya unga ya mbwa usimguse nayo, wala mama yake. Nyingi zina sumu inayoua paka.

Mpime kila asubuhi kwa mzani wa jikoni, uandike. Anatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Akikaa siku nzima bila kuongezeka, au akipungua, usisubiri kesho. Wapo wanaokufa hata baada ya yote haya, hasa waliozaliwa na kasoro ndani, hilo silifichi. Na hao watatu wanono wapime pia, kwani mtoto wa paka huanza kupungua uzito kabla macho yako hayajaona dalili yoyote.