Sarafu ya dhahabu yenye dubu, ninunue?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kuna jamaa ananiuzia kisarafu kidogo cha dhahabu, kimeandikwa California, upande mmoja kuna dubu na namba 1/2 na mwaka 1852. Anadai kiligongwa na watu binafsi sio serikali, na eti ndio maana ni ghali. Sasa mimi najiuliza, kama serikali haikukitoa si ni hela bandia hiyo? Msomaji wenu.

JIBU: Hapo kwenye watu binafsi jamaa yuko sawa, ila hicho kisarafu mrudishie. Vile vidogo vya ukweli vya California vinajitaja kabisa kuwa ni hela, utasoma DOLLAR, au DOL, au CENTS. Ukikuta 1/2 peke yake halafu na dubu, karibu kila mara ni kumbukumbu ya watalii iliyotengenezwa miaka mingi baadaye, na nyingine hazina dhahabu ya maana, ni rangi tu.

Kuhusu ubandia, hapana. Katiba ya Marekani iliyakataza majimbo kutengeneza sarafu lakini kwa raia ikanyamaza, basi watu wakajigongea zao mpaka sheria ya 1864 ilipowapiga stop. Christopher Bechtler, sonara Mjerumani pale Rutherfordton, North Carolina, alianza 1831 kwa sababu wachimbaji walikuwa na dhahabu mkononi na kiwanda cha serikali kiko mbali huko Philadelphia, njiani kuna wezi. Alitoa dola moja ya dhahabu wakati serikali yenyewe ilikuja kuitoa 1849! Na yake ukiishika utaona kaandika uzito, mfano 28 G, yaani grein 28 (grein ni kipimo kidogo sana cha uzito), ukiwa na wasiwasi weka kwenye mizani umalizane nayo.

California nako ikawa hivyo hivyo baada ya dhahabu kuonekana 1848, kiwanda cha serikali San Francisco kimefunguliwa 1854, hapo katikati kila mwenye mashine anagonga. Moffat & Co. waliaminika. Baldwin & Co. wao walipimwa 1851 ikaonekana sarafu yao ya dola 20 haifikishi dhahabu ya dola 20, basi ikawa balaa, watu wanazikataa, mabenki wanazipokea kwa bei ya kutupa na nyingi zikaishia kuyeyushwa. Sasa cheki kichekesho, kwa vile zilizopona ni chache, hizo za wapunjaji leo ndio watu wanagombania kwenye minada kwa hela ndefu. Za Wamormoni, wale wa dhehebu la dini la Salt Lake City, nazo zilipunja, yakazikuta hayo hayo.

Clark, Gruber & Co. wa Denver walikosea kinyume, mwaka 1860 walitumia dhahabu karibu safi kabisa, ikawa laini mno, inasagika mfukoni, ndio 1861 wakaongeza madini mengine iwe ngumu.

Kama unataka kuanza kweli, mimi ningekwambia tafuta dola moja ya Bechtler, iwe ndani ya kasha lililofungwa la PCGS au NGC, kampuni zinazokagua na kuthibitisha sarafu, na namba ya kasha uihakiki kwenye tovuti yao kabla hujatoa hata senti. Angalia na ukingo vizuri, nyingi zilifanywa vidani zamani, ukiona alama ya kulehemu omba ushushiwe bei.