Je, korona ndiyo iliyomletea baba kisukari?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61. Agosti 2021 alilazwa kwa korona, akawekewa oksijeni na kupewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini. Sukari ikafika 16, akaruhusiwa na vidonge vya metfomini. Mwaka huu ameviacha. Anasema sukari ile ilikuwa ya korona, na korona ilishapona. Sasa usiku haishi kwenda kukojoa, anakunywa maji mno, suruali zinampwaya. Shangazi anasema ni ile dawa ya hospitali iliyomharibu. Ukweli ni upi?
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na linalonitia hofu. Kiu, mkojo wa usiku na kukonda ni dalili za sukari iliyopanda sasa, si ile ya 2021. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, apimwe sukari kabla hajanywa chai. Akianza kutapika, kuhema kwa kasi au kuchanganyikiwa, msingoje kukuche.

Shangazi hakukosea kabisa: deksamethasoni hupandisha sukari. Lakini ikiachwa, athari hiyo huondoka baada ya siku chache. Haiwezi kumfuata baba yako hadi leo. Na dawa ile alistahili kupewa. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Tafadhali mweleze shangazi hivyo, kwa upole.

Korona yenyewe nayo huvuruga umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula. Mwili unapopigana na maambukizi makali humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, na ini likamimina sukari kwenye damu. Kemikali za uvimbe nazo huifanya misuli isiisikie insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli: mlango unabishwa, hakuna anayefungua. Nimonia kali nyingine hufanya hivyo pia. Ila virusi vya korona vimekutwa hata ndani ya seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Isitoshe, mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu hupoteza misuli, na misuli ndiyo mlaji mkuu wa sukari.

Kwa wengine sukari hurudi chini wakipona. Kwa wengine haishuki. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022, kwa wanajeshi wastaafu zaidi ya 180,000 waliougua, ulikuta hatari ya kupata kisukari ndani ya mwaka ikiwa juu kwa takriban asilimia 40 kuliko kwa wasiougua. Wengi wao walikuwa wanaume wa makamo na wazee, kama baba. Tena wapo waliokuwa nacho tangu zamani bila kujua, kwa hiyo tafuteni vyeti vyake vya kabla ya 2021.

Aombe pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Asilimia 6.5 au zaidi, au sukari ya kabla ya kula ya 7.0 mmol/L kwenda juu, ni kisukari. Kama ana selimundu au upungufu wa damu, awaambie maabara, maana HbA1c inaweza kudanganya.

Halafu muulize, bila kumgombeza, kama vidonge vilikuwa vinamsumbua tumbo. Metfomini huwaharisha wengi, na wanaume wa rika lake huona aibu kulisema. Kuinywa pamoja na chakula husaidia, na ipo aina inayoyeyuka polepole ambayo daktari anaweza kumwandikia.